Mbolea ya ruzuku isimwagwe kwenye maji

Mvua za masika zinapokolea kati ya Machi na Mei, mahindi yaliyopandwa kwenye mabonde ya Zinga na maeneo jirani ya Bagamoyo hubadilika rangi. Majani huwa njano kuanzia chini. Jibu la haraka la mkulima, na mara nyingi la muuza pembejeo pia, ni kwamba shamba limeishiwa mbolea. Hununuliwa mfuko mwingine wa urea, ukamwagwa, na unjano ukabaki palepale.

Mara nyingi mbolea ipo. Kilichokosekana ni nguvu ya mzizi kuichukua. Msomaji atuwie radhi kwa somo la baiolojia katika kurasa za biashara, lakini bila hilo hesabu ya fedha haieleweki.

Seli ya mzizi huchoma sukari iliyotoka kwenye majani kwa kutumia oksijeni ya udongoni. Nguvu inayopatikana husukuma protoni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji, hadi upande mmoja wa utando ulio ndani ya mitokondria. Zikishalundikana hutafuta njia ya kurudi, nazo hupita ndani ya kimeng'enya ambacho huzunguka kama mitambo ya Kidatu inavyozungushwa na maji ya Great Ruaha. Kila mzunguko mmoja hutoa molekuli 3 za ATP, ambayo ndiyo fedha taslimu ya seli. Kwenye majani kazi ya kusukuma hufanywa na mwanga wa jua. Mwingereza Peter Mitchell alipotoa wazo hili mwaka 1961 wenzake wengi walilikataa. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mzizi hutumia ATP hiyo kusukuma protoni nyingine nje, kwenye udongo. Zinaporudi ndani huingia pamoja na naitreti, chakula ambacho urea hugeuka kuwa baada ya kufanyiwa kazi na bakteria. Kwa maneno mengine, naitreti haiingii bure.

Sasa bonde likijaa maji, oksijeni hupenya kwa kasi iliyo ndogo takriban mara 10,000 kuliko hewani. Molekuli moja ya glukosi iliyokuwa ikitoa ATP zipatazo 30 hutoa 2 tu. Mzizi hubaki kujinusuru. Wakati huohuo bakteria wasiohitaji oksijeni huigeuza naitreti kuwa gesi, ikapaa. Mpunga huvumilia kwa sababu una mirija ya kupeleka hewa hadi mizizini. Mahindi ya kawaida hayana mfumo wa namna hiyo ulio tayari.

Tupige hesabu. Mpango wa ruzuku uliozinduliwa Agosti 2022 ulishusha bei ya mfuko wa urea wa kilo 50 hadi shilingi 70,000. Ndani yake mna kilo 23 za naitrojeni, yaani kilo moja kwa shilingi 3,000 na kidogo. Ikipotea nusu, kila kilo iliyofika kwenye mmea imemgharimu mkulima zaidi ya shilingi 6,000, ukiacha fedha ya mlipa kodi iliyopotea pamoja nayo.

Kasoro ya mipango yetu ya ruzuku ni kuhesabu mifuko iliyotoka ghalani na kuiita mafanikio. Wakulima wamesajiliwa, namba zao za simu zinajulikana, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla mvua hazijaanza. Haioneshi kuwa jambo gumu kuunganisha vitu hivyo viwili na kumtumia mkulima wa bondeni ujumbe mfupi: usiweke mbolea maji yakiwa yamesimama, chimba mfereji kwanza, panda kwenye matuta, gawa mbolea mara mbili au tatu. Ambaye bonde lake hujaa kila mwaka aambiwe waziwazi kwamba mpunga utamlipa kuliko mahindi.

Wapo watakaosema maofisa ugani hawatoshi. Ni kweli, na ndiyo maana muuza pembejeo, ambaye mkulima humwona kabla ya ofisa yeyote, afundishwe swali moja la kuuliza kabla ya kupokea fedha: shambani kwako maji yameshatoka? Mafunzo hayo yatolewe kabla ya Machi, si mwezi Mei mahindi yakiwa yameshaiva njano.