Jicho la Sungura: Uamuzi Uanzie Wapi?

Miongoni mwa wanyama wafugwao majumbani na shuleni katika Mkoa wa Dodoma, sungura ndiye mgonjwa asiyelalamika. Mbuzi akiumwa hulia, mbwa hunung'unika. Sungura hujikunyata pembeni mwa kizimba na kunyamaza, kwani kwa asili yake ni mnyama wa kuwindwa, na awindwaye akionyesha udhaifu hukamatwa kwanza. Ndiyo maana jicho lake hugunduliwa kuwa limeharibika siku nyingi baada ya ugonjwa kuanza. Hapo mabishano huzuka: mtoto aliyempa jina ataka atibiwe, baba asema achinjwe, na jirani aleta dawa ya macho iliyobaki baada ya mtu wa nyumbani kwake kupona.

Aghalabu swali linaloulizwa kwanza ni kama sungura huyo ataona tena. Si swali baya, ila limetangulizwa mahali pasipo pake. Macho ya sungura yamekaa pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote bila kugeuka. Lakini sungura wa kizimbani hutegemea pia pua, masikio na masharubu. Akipoteza jicho moja, au hata yote mawili, aweza kuishi vyema mradi vyombo vyake vya chakula na maji visihamishwehamishwe. Asichoweza kuishi nacho ni maumivu. Sungura anayeumwa huacha kula, utumbo wake hulegea na kusimama, na asipokula kwa muda wa siku moja tu maisha yake huwa hatarini. Kwa hiyo swali la kwanza lapasa kuwa: anaumwa kiasi gani? La pili: ugonjwa umeanzia wapi?

Hili la pili ndilo linalopuuzwa mno. Katika nyanda kavu za kati, lawama zote hutupiwa vumbi la kiangazi. Ni kweli kwamba vumbi, makapi ya mtama na ncha za majani makavu huweza kukwaruza konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho. Na kizimba kisichofagiliwa hutoa hewa kali ya mkojo inayowasha macho. Lakini mara nyingi kosa halimo jichoni. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na husagwa kwa kutafuna majani magumu. Anayelishwa pumba kwa wingi na majani kidogo hayasagi meno yake ipasavyo. Mizizi ya meno ya juu hurefuka, hubana mfereji wa machozi upitao karibu nayo, na machozi yaliyochanganyika na usaha huanza kutiririka shavuni. Pengine jipu huota nyuma ya jicho na kulisukuma nje. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautoki kwa kutobolewa tu. Kuna pia kimelea kidogo sana kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, ambacho huweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kabla hajazaliwa, kikajificha ndani ya lenzi ya jicho. Lenzi ikipasuka baadaye, donge jeupe huonekana ndani ya jicho. Macho matatu mabovu yanayofanana, na kila moja lina tiba yake.

Watu wa Dodoma wanao mfano wa karibu wa jambo hili. Katika Wilaya ya Kongwa, ambako ugonjwa wa trakoma umefanyiwa utafiti mwingi tangu miaka ya 1980, inajulikana kwamba makovu ya ugonjwa huo huweza kuukunja ukope kwa ndani, na kope zikawa zinaikwaruza konea kila mtu apepesapo. Dawa huua vijidudu, lakini haizigeuzi kope zilizokwisha kupinda. Hapo hutakiwa upasuaji mdogo wa kuugeuza ukope. Kumtilia matone sungura ambaye ubovu wake uko kwenye mizizi ya meno ni kurudia kosa lile lile kwa mgonjwa mwingine.

Ile dawa ya jirani nayo yastahili kuogopwa. Baadhi ya dawa za macho za binadamu zina steroidi, ambayo hupunguza wekundu upesi na kumfurahisha mwenye mnyama. Ikitiwa kwenye konea yenye kidonda, huzuia kidonda kufunga, na konea yaweza kutoboka. Daktari wa mifugo hutangulia kutia tone la rangi ya fluoresini, ambayo hung'aa kijani pale palipochubuka, ndipo achague dawa. Hatari zaidi ni vidonge. Penisilini au amoksilini ikinyweshwa sungura huua bakteria wema wa utumbo wake, wale wenye sumu wakastawi, na mnyama akafa kwa kuhara wakati jicho limeanza kupata nafuu. Inasikitisha kuona ujinga huu ukiendelea, hali macho ya sungura yamechunguzwa kuliko ya wanyama wengi: tangu mwaka 1944, John Draize na wenzake wa Marekani walipoeleza kipimo chao, sungura wasiohesabika wametiwa kemikali machoni ili binadamu ajue zipi ni salama kwake.

Wapo wanaosema kwamba kumng'oa mnyama jicho ni ukatili. Hoja hiyo yaelekea kumhurumia mtazamaji kuliko mgonjwa. Jicho lililokufa ambalo bado lina presha au usaha huuma usiku na mchana, na kuliondoa huweza kumrudishia sungura hamu ya kula katika siku chache. Upasuaji wenyewe si mchezo: nyuma ya jicho la sungura kuna mishipa mipana ya damu, na nusukaputi humdhuru upesi. Tena hapaswi kushindishwa njaa kabla ya kupasuliwa, kwa sababu hawezi kutapika.

Mtaalamu naye si rahisi kumpata. Huko Mpwapwa, Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo mwaka 1905, na tangu hapo ng'ombe ndiye aliyeshughulikiwa zaidi. Sungura ni mgeni katika daftari la mganga wa mifugo. Kwa mgonjwa mgumu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, chafundisha udaktari wa wanyama. Gharama ya safari na upasuaji yaweza kuzidi mara nyingi bei ya sungura, na si aibu kulisema hilo wazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama bila sababu. Haimlazimishi maskini kuuza mbuzi ili kuokoa jicho. Mnyama aliyedhoofika, mwenye jipu lililokwisha kula mfupa, ni afadhali auawe upesi na kwa utaratibu kuliko kuachwa kizimbani kwa mwezi mzima akitiliwa matone. Aliyekwisha kupewa dawa asiliwe kabla mganga hajaulizwa.

Shule zenye vizimba zaweza kuanza na daftari moja. Wanafunzi waandike kila jioni kiasi cha majani kilicholiwa, wingi wa mavi, na jicho lipi lilikuwa na maji. Mganga atakayeletewa daftari hilo pamoja na sungura huenda akaanza kwa kumfungua mdomo, akiona humo kwamba majani magumu yalianza kusazwa wiki mbili kabla jicho halijavimba.