Tusisaini Tena Fomu Tupu

Wiki iliyopita, kwenye dirisha la dawa la hospitali moja jijini Dar es Salaam, mbele yangu alisimama mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na ushee, anayeishi na presha na kisukari. Binti wa dirishani alichungulia kompyuta, akamwambia, “Bibi, hizi za presha hazipo. Kanunue nje.” Mama akauliza kama kesho zitakuwepo. “Sijui bibi, labda upige simu.” Akapewa vidonge vya kisukari peke yake, akapisha foleni.

Tulipokaa kwenye benchi akanieleza jambo lililonichoma zaidi. Fomu ya bima alikuwa ameshaisaini mapokezi, kabla hajaonana na daktari. Ilikuwa tupu. Haikuandikwa ugonjwa, kipimo wala dawa. Aliambiwa, “Weka sahihi hapa, mama,” naye akaweka, kama anavyoweka kila akija kliniki, maana nyuma yake watu walikuwa wamejaa. Sahihi yake ikabaki kule. Kitakachojazwa juu yake hatakiona, na kitalipwa kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aliouchangia hadi siku aliyokabidhi chaki. Dawa ya presha akainunue kwa pensheni.

Tumefikaje hapa? Tunajua sote: vituo vinavyodai malipo ya huduma ambazo hazikutolewa, wanachama wanaoazimana kadi za bima, madai yanayochelewa kulipwa, usimamizi unaoamka baada ya mali kupotea. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameshaandika kuhusu Mfuko kutumia kuliko unavyokusanya. Taarifa zake huwekwa mezani Bungeni kila Aprili, tunazijadili siku mbili tatu, kisha tunahamia kwenye mpira.

Ndugu watumishi, fedha hizi ni zetu. Mfuko uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, na tangu hapo mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, naye mwajiri huongeza asilimia 3. Kwa mwenye mshahara wa shilingi 900,000, Mfuko unaingiziwa shilingi 54,000 kila mwezi, yaani 648,000 kwa mwaka, awe ameugua au hajaugua. Ahadi tuliyopewa ni kwamba ukistaafu, wewe na mwenza wako mtaendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Mzee aliyetumikia nchi hii miaka thelathini na zaidi ameshalipa. Anapoambiwa akanunue nje, analipishwa mara ya pili, tena katika umri ambao hana pa kupata nyongeza.

Mmesahau Machi 2024? Kitita kipya cha mafao ya Mfuko kilianza tarehe mosi, na siku hiyohiyo hospitali kadhaa binafsi zikasitisha kuwahudumia wenye kadi zetu. Wagonjwa wakawa wanarudishwa getini. Wizara ilisema yake, Mfuko ukasema yake, wenye hospitali wakasemewa na chama chao. Mchangiaji, ambaye ugomvi wote ulikuwa juu ya fedha zake, alikuwa akisikiliza redioni. Hili ndilo linalonikera. Tumekubali kuwa watazamaji wa mali yetu wenyewe.

Sasa basi. Kuanzia leo, mtu asisaini fomu tupu. Ukiisogezewa mapokezi, sema kwa adabu, “Nitasaini nikishapokea huduma.” Ukishapokea, soma mstari kwa mstari. Dawa usiyopewa isiwemo. Kipimo usichopimwa kisiwemo. Herufi zikikushinda, mwombe aliyeandika akusomee, na kama una simu ya kamera, piga picha. Foleni itaguna, mgeukie aliye nyuma yako umwambie naye asisaini. Wanaowapeleka wazazi kliniki, kazi hii ni yenu. Mzee amechoka, amekaa tangu alfajiri na njaa ya kipimo cha sukari, hataweza kubishana na mtu wa kaunta.

La pili litawaudhi baadhi yenu, lakini nitalisema. Tuache kuazimana kadi. Najua uzito wa kumwambia dada yako, mtoto anaungua homa, kwamba kadi hutoi. Mchangie nauli na fedha ya matibabu kadiri ya uwezo wako. Kadi usitoe. Mbali na kuukamua Mfuko, historia ya ugonjwa wake inaingia kwenye faili lako, na siku umelazwa hujitambui, daktari atasoma mwili wa mtu mwingine. Kuna mzaha hapo?

Mnaokaribia kustaafu, fuatilieni mapema kwa maofisa utumishi mabadiliko ya kadi, msingoje hadi muugue. Na muwaeleze watoto wenu kwamba bima ya mstaafu ni yake na mwenza wake, ili wajipange.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, CWT, TUGHE, TALGWU na wengine, ninawasihi. Mnakata ada zetu kila mwezi bila kukosa. Mei Mosi mabango huwa ya mishahara na kikokotoo cha pensheni, na ni haki yawepo, lakini bango la dawa za wastaafu liko wapi? Mstaafu hana tawi, hana mgomo, hana wa kumtisha. Msipomsemea ninyi, nani? Simameni, msisubiri wastaafu wafe mmojammoja ndipo mtoe salamu za rambirambi.

Bajeti ya Wizara ya Afya kwa kawaida husomwa Bungeni Dodoma mwezi Mei. Kabla ya hapo kila tawi, kila shule, kila ofisi ya halmashauri iwe na daftari. Mwanachama akiambiwa akanunue nje, iandikwe: dawa gani, kituo gani, tarehe gani, ameinunua kwa shilingi ngapi. Wastaafu wa mtaani nao waandikiwe humohumo. Aprili madaftari yajumlishwe na kukabidhiwa mbunge mkononi, mbele ya mashahidi, naye atuambie ni siku gani atasimama kuyauliza. Daftari halina gharama kubwa. Linunuliwe wiki hii.