Kisima Kimechimbwa, Nani Atakitunza?

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini nchi tajiri hazina shida ya maji kama yetu, aghalabu hujibu kwamba huko mvua ni nyingi. Jibu hilo halitoshi. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi za mvua kwa mwaka, ilhali London hupata 600 hivi. Ni kweli kwamba jua letu hukausha maji mengi zaidi, na kwamba mvua ya London hugawanyika katika miezi yote, hali yetu huja kwa misimu. Lakini kasoro hizo huweza kupunguzwa kwa mabwawa, matangi na mabomba. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, wakazi wa Dar es Salaam waligawiwa maji kwa zamu. Laiti sehemu ya mafuriko ya masika yaliyotangulia ingalikuwa imehifadhiwa, dhiki hiyo ingalikuwa nyepesi.

Yafaa pia tukumbuke kwamba London haikuzaliwa na maji safi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu katika mtaa wa Soho kilienezwa na maji ya pampu moja. Mwaka 1866 ugonjwa huo uliua maelfu ya watu, hasa mashariki ya jiji hilo. Katika karne hiyo nyumba nyingi zilipata maji kwa saa chache tu, kama ilivyo katika mitaa yetu mingi. Waingereza walitoka katika hali hiyo kwa kujenga machujio na mifereji ya maji machafu, kisha kwa kuwalipa mafundi wa kuvitunza, kizazi baada ya kizazi.

Je, leo matajiri hawana shida ya maji? Wanazo, ila ni za namna nyingine: mabomba yaliyozeeka ardhini, na kemikali zinazodhuru hata zikiwa chache mno. Mwezi Aprili 2014 mji wa Flint, huko Marekani, ulianza kutumia maji ya mto wake ili kupunguza gharama. Maji hayo hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu; yakayala mabomba ya kale, na madini ya risasi yakaingia katika maji ya kunywa ya watoto. Mji ulirejea kwenye maji yake ya awali mwezi Oktoba 2015. Funzo lake ni wazi: hata katika nchi tajiri, matunzo yakipuuzwa, bomba hugeuka sumu.

Kwetu sisi shida ya kwanza ni umbali. Mwalimu na awape wanafunzi wake hesabu hii. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 120, yaani madebe sita. Kisima kikiwa kilomita moja kutoka nyumbani, mtu mmoja atatembea kilomita 12, nusu yake akiwa na kilo 20 kichwani. Aghalabu mtu huyo ni mama au binti anayetakiwa kuwa darasani. Basi familia hupunguza maji: mikono haioshwi, vyombo havisuuzwi, na watoto huhara.

Shida ya pili ni maji ya zamu. Bomba lililojaa maji yenye kanieneo husukuma maji nje penye ufa. Maji yakikatwa, kanieneo hushuka, na uchafu wa ardhini huweza kufyonzwa ndani kupitia ufa ule ule. Hivyo maji yaliyosafishwa vizuri mtamboni huweza kufika nyumbani yakiwa na viini vya maradhi.

Mwaka 1971 Tanzania ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Lengo lilikuwa jema, na visima vingi vilichimbwa. Hata hivyo mwaka 1991 ulifika lengo likiwa bado mbali, na pampu nyingi zilikuwa zimenyamaza kwa kukosa mafuta, vipuri au fundi.

Mimi mwenyewe nilipokuwa masomoni ng'ambo nilijifunza kupima kemikali zisizofikia hata sehemu moja katika milioni. Niliporejea, nilikuta pampu ya kijiji kimoja imesimama miezi mingi kwa sababu ya kipande cha mpira kilichochakaa. Elimu yangu haikuwa bure, kwani floridi ya Arusha na Kilimanjaro huhitaji kupimwa. Lakini sisi wasomi tumezoea kuheshimu ugunduzi na kudharau ukarabati, na wafadhili na viongozi nao hupenda kuhudhuria uzinduzi kuliko kulipia vipuri.

Maoni yangu ni kwamba tuache kuhesabu visima vilivyochimbwa. Tuhesabu vinavyotoa maji leo. Mradi usio na fungu la matengenezo na fundi aishiye karibu usizinduliwe. Kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni: wanafunzi wavitembelee visima vya jirani, waandike kipi kinatoa maji, kipi kimeharibika, tangu lini, na kwa kukosa nini. Orodha hiyo ipelekwe kwa serikali ya kijiji, na irudiwe kila muhula.