Anayepimwa macho asiondoke bila kupimwa presha

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, kliniki ya macho iko upande mmoja na kliniki ya presha na moyo iko upande mwingine. Kila moja ina foleni yake, mafaili yake na siku zake. Mgonjwa wa kisukari anayelalamika kuwa anaona ukungu hupelekwa kwenye macho. Akikutwa mishipa ya damu ndani ya jicho imeharibika, hutibiwa jicho na kupewa tarehe ya kurudi. Hali ya moyo wake inaweza isiulizwe kabisa.

Utaratibu huo unagharimu maisha. Damu inayopita kwenye jicho ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye moyo, ubongo na figo, kwa shinikizo lile lile na sukari ile ile. Mishipa ya jicho ikiharibika, ni vigumu kuamini kwamba mingine imesalimika.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni mahali ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa midogo ya damu moja kwa moja bila kumpasua mtu. Uwezo huo si mgeni. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alitangaza chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho, na tangu hapo madaktari wamekuwa wakisoma humo habari za mwili mzima.

Presha ikikaa juu kwa muda mrefu, mishipa midogo ya retina husinyaa na kuta zake huwa nene. Ateri iliyokakamaa huibana vena pale zinapopishana. Hali ikizidi, damu na majimaji huanza kuvuja, na katika hatua mbaya kabisa huvimba pale neva ya kuonea inapoingilia jichoni. Kisukari nacho hudhoofisha kuta za mishipa hiyo, zikatokeza vivimbe vidogo na kuvuja. Mgonjwa anaweza asihisi lolote hadi uharibifu uwe mkubwa.

Mwaka 1939 madaktari Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic nchini Marekani waligawa uharibifu huo wa presha katika madaraja manne. Zama hizo dawa za maana za presha hazikuwapo. Wengi wa wagonjwa waliokuwa daraja la nne walifariki ndani ya mwaka mmoja. Jicho lilikuwa limeshatoa taarifa, ila tiba ndiyo haikuwapo.

Utafiti wa karibuni umeongeza uzito. Mradi wa ARIC, uliofuatilia watu wa umri wa kati katika maeneo manne ya Marekani kuanzia mwaka 1987, uliwapiga washiriki picha za retina. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa waliokuwa na uharibifu wa mishipa ya retina walikuwa katika hatari karibu mara mbili ya kupata moyo kushindwa kufanya kazi, hata baada ya watafiti kuzingatia umri, presha, kisukari na uvutaji wa sigara.

Hapa tahadhari inahitajika. Picha ya jicho haiwezi kusema ni mshipa upi wa moyo umeziba. Mwaka 2018 watafiti wa Google walitumia akili bandia kusoma picha za retina na kukadiria umri, jinsia, uvutaji wa sigara na hata presha ya mtu. Lakini katika kutabiri nani atapata shambulio la moyo au kiharusi, mashine hiyo haikuzidi vipimo vya kawaida ambavyo kila zahanati inavijua. Kwa hiyo si hoja ya kukimbilia kununua mitambo. Mashine ya presha ya mkononi bado ndiyo kipimo cha kwanza, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kamera ya retina.

Kama ni hivyo, kwa nini kuanzia kwenye macho? Jibu liko katika tabia ya binadamu. Presha haiumi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba kati ya watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaoishi na presha ya juu, karibu nusu hawajui kuwa wanayo. Mtu asiyeumwa haoni sababu ya kupoteza siku ya shamba au ya duka kwenda kupimwa. Lakini macho yakianza kufifia, hofu humwinua. Fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi, dereva anayesumbuliwa na taa za usiku na bibi asiyetambua noti sokoni, wote hujipeleka hospitali wenyewe. Kliniki ya macho huwapata watu ambao kampeni za presha huwakosa.

Wakifika huko, lugha yenyewe inaweza kuwapoteza. Kwa Kiswahili cha kawaida glaukoma huitwa presha ya macho. Mtu aliyepimwa macho na kuambiwa presha yake iko sawa anaweza kurudi nyumbani akiamini kuwa presha ya damu nayo imepimwa, ilhali hakuna aliyemfunga mkanda mkononi. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Mhudumu anapaswa kuvitaja vyote viwili kwa majina yake kamili, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ni kipi kilichofanyika.

Somo kubwa zaidi limetoka jirani, nchini Rwanda. Katika kliniki kadhaa za kisukari, wagonjwa walipigwa picha za retina. Kundi moja lilipata majibu papo hapo kwa msaada wa akili bandia, na jingine lilisubiri siku kadhaa hadi mtaalamu asome picha. Miongoni mwa waliohitaji rufaa, zaidi ya nusu ya waliojibiwa siku hiyo hiyo walikwenda walikotumwa, ilhali kwa waliosubiri walikuwa takriban wanne katika kila kumi. Jibu la siku hiyo lilimwinua mgonjwa kuliko jibu la wiki ijayo. Ikiwa kungoja siku chache kunapunguza watu hivyo, kumwambia mgonjwa wa macho arudi siku nyingine kwa ajili ya presha ni kujua kabisa kwamba wengi hawatarudi.

Wapo watakaosema madaktari wa macho ni wachache na wamelemewa. Ni kweli. Lakini kufunga mkanda wa presha si kazi ya daktari bingwa. Muuguzi anayeandika majina anaweza kuifanya kabla mgonjwa hajatiwa matone ya kupanua mboni, na muda wa kusubiri foleni unatosha kwa kipimo cha pili. Wengine watauliza faida ya kugundua wagonjwa wengi zaidi ilhali dawa huisha kwenye vituo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaelekea upande mwingine. Amlodipini na dawa nyingine za presha zimo katika orodha ya dawa muhimu na huzalishwa na viwanda vingi kwa bei nafuu. Wagonjwa wakihesabiwa, wizara hujua ziagizwe dawa kiasi gani. Asiyehesabiwa haagiziwi kitu.

Suala hili linaihusu Jumuiya ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Kifungu cha 118 cha Mkataba wake kinazitaka nchi wanachama kushirikiana katika afya. Tayari nchi hizo ziligawana vituo vya umahiri: Tanzania ikachukua magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, Kenya figo, Uganda saratani, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na Burundi lishe. Nairobi ni makao ya COECSA, chuo cha mabingwa wa macho wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini. Kwa maneno mengine, anayejua moyo, anayejua jicho, anayejua figo na anayejua mashine wote wamo katika ukanda mmoja. Kinachokosekana ni karatasi moja inayowaunganisha.

Karatasi hiyo iwe fomu ya rufaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine zinazotumika hospitalini, inayotambulika kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Iandikwe kilichoonekana jichoni, presha ya siku hiyo, sukari, dawa anazotumia mgonjwa na kliniki anayotakiwa kwenda. Dereva wa lori aliyepimwa macho Kampala asilazimike kuanza upya akifika Dar es Salaam. Wafanyabiashara wanaovuka Namanga, Busia na Rusumo nao wanaihitaji fomu hiyo, kwa kuwa presha haiulizi pasipoti.

Kazi ifanyike pande zote mbili. Kliniki ya kisukari impeleke kila mgonjwa kuchunguzwa retina mara moja kwa mwaka, hata kama anasema anaona vizuri. Kliniki ya macho nayo isimruhusu mtu mzima kuondoka kabla presha yake haijaandikwa kwenye kadi. Anayekutwa na damu inayovuja kwenye retina na presha iliyopanda sana asipewe tarehe ya mwezi ujao, bali asindikizwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mawaziri wa afya wa Jumuiya hukutana katika Baraza lao la Kisekta. Agizo la kuweka mashine ya presha katika kila kliniki ya macho ya umma, pamoja na fomu moja ya rufaa, linaweza kuingia kwenye ajenda ya kikao kijacho bila kusubiri mfadhili. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kuwatunza watu waliopooza kwa kiharusi ambacho macho yao yalikuwa yamekwisha kukitangaza.