MASHAURI YA NYUMBANI: Barua ya Tabia kwa Hakimu

Mwezi huu twajibu swali la mwalimu mmoja wa Kenya. Mpishi wa shule yake ameshitakiwa kwamba alimjeruhi mtu kwa chupa katika kilabu cha pombe, na jamaa zake wamemjia mwalimu, yeye aliyemwajiri, wakimwomba barua ya kumweleza hakimu tabia yake. Mpishi ni mwaminifu, lakini akipokea mshahara hulewa. Je, mwalimu aandike nini?

Kwanza tujue sheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, ya mwaka 1963, kifungu cha 56, yakubali tabia njema ya mshitakiwa itajwe katika kesi ya jinai. Tena kifungu cha 57 chamkinga, kwa kuwa ubaya wake kwa kawaida hautajwi. Lakini yeye mwenyewe akileta ushahidi wa wema wake, mlango hufunguka, na upande wa mashitaka waweza kuuleta ubaya huo. Basi mwajiri aandikaye kwamba mpishi hajaonja pombe maisha yake adhani amemsaidia. Kumbe amemwita mwenye kilabu aje na daftari la madeni! Barua nyingine hupelekwa mtu akiisha kuonekana ana hatia, kabla ya kupewa adhabu. Hapo hakimu aruhusiwa kupokea habari zitakazomwonyesha adhabu ipasayo, na hapo ndipo neno la mwajiri, twaonavyo sisi, lafaa zaidi.

Someni Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Una aya 25 tu. Paulo amwombea Onesimo mtumwa kwa bwana wake, wala hasemi kwamba Onesimo hakukosa. Likiwapo deni, ataka lihesabiwe juu yake yeye, tena alitia neno hilo kwa mkono wake mwenyewe. Twaupenda sana mkono ule. Wako waandikao barua za sifa na kuomba jina lao lisijulikane.

Mwalimu aanze kwa kusema yeye ni nani, amemjua mpishi tangu lini, na kwamba ajua shitaka lililopo. Maneno makubwa ayaache. Aseme kwamba mpishi ameshika ufunguo wa ghala miaka sita, na unga na sukari havijapungua katika hesabu. Kwamba wanafunzi walipougua aliamka usiku kuwapikia uji. Na la pombe aliseme pia: ni mara ngapi alichelewa kazini kwa ajili yake, na alipoonywa alifanyaje. Kama shule itampokea tena, jambo hilo liandikwe wazi, maana mtu mwenye kazi ya kurudia si sawa na asiye nayo. Kama haitampokea, lisitajwe kabisa. Asimfundishe hakimu adhabu ya kutoa. Atie tarehe na saini, na awe tayari kuitwa, kuapishwa na kuulizwa maswali juu ya kila mstari.

Mke wa mpishi huenda akaja jioni, akilia, aombe iongezwe kwamba mumewe hakuwapo kilabuni usiku ule. Mwalimu amkaribishe, ampe chai, amsikilize mpaka mwisho. Lakini usiku ule mwalimu alikuwa amelala nyumbani kwake, na hilo hawezi kuliandika.