Tumlipe fundi kwa kuutafuta mlio

Gari za mbao zinazowapeleka watu shamba hapa Unguja, Makunduchi, Jambiani au Nungwi, zimejengwa juu ya malori madogo ya Kijapani yenye injini za dizeli, na nyingi zimekwishachoka. Injini iliyochoka hulia. Ikianza kugonga, aghalabu mwenye gari huuliza inahitajika spea gani, fundi akataja anachokidhania, spea ikanunuliwa na kufungwa. Mlio ukibaki, wakahamia nyengine. Lawama humwangukia fundi. Mimi naona kosa kubwa zaidi limo katika malipo yetu. Kubadilisha pampu ya maji kuna bei inayojulikana, lakini saa mbili za kuisikiliza injini hazilipwi chochote. Fundi naye ana familia ya kulisha, basi huifuata kazi inayolipwa.

Na kusikiliza huko si kubahatisha. Katika injini hizi kranki huzunguka mara mbili kila shafti ya valvu inapozunguka mara moja, kwa hiyo tapeti iliyolegea hugonga kwa nusu ya mwendo wa kranki, na sikio lililozoea huitambua. Pistoni iliyolika hugonga zaidi injini ikiwa baridi, kisha hutulia chuma kikipata moto na kutanuka. Beringi ya konrodi iliyokwisha huzidi kugonga oili ikipata moto na kuwa nyepesi. Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma: silinda ambayo mlio unapungua ikinyimwa mafuta ndiyo yenye kasoro. Akiuvua mkanda wa feni kwa muda mfupi na kelele ikakoma, atafute kwenye dainamo au pampu ya maji, wala asiiguse injini yenyewe. Unguja pia tuna matatizo yetu. Hewa ya chumvi hula eksozi na boliti zake, na gasketi ya eksozi inayovuja hutoa mlio mkavu unaofanana mno na wa tapeti. Bodi ya mbao iliyolegea kwenye chesisi nayo hugonga kila injini inapotikisika, na raba za kushikilia injini zikilika mtikisiko huo huzidi. Fundi asiyepewa nafasi ya kuyatenga haya anaweza kufungua silinda hedi nzima kwa sababu ya gasketi ya eksozi.

Mwenye gari atasema gari ikilala gereji hakuna hesabu jioni, na deni la mafuta linamsubiri. Ni kweli, lakini kinachoilaza gari siku nyingi ni spea ya pili na ya tatu baada ya ile ya kwanza kutosaidia. Tena konrodi inayogonga haingojei. Ikikatika hutoboa bloki, na abiria wakabaki njiani na mizigo yao. Pingamizi nzito zaidi ni kwamba fundi asiye mwaminifu atadai pesa za kusikiliza bila ya kusikiliza. Dawa yake ni kudai ushahidi. Aliyeupata mlio anaweza kuupunguza na kuurudisha mbele ya dereva: alegeze nati, aikaze, dereva asikie mwenyewe. Asiyeweza kuonesha tofauti yoyote bado anadhani. Wapo pia wanaosema gari hizi ziondolewe barabarani tu. Siku hiyo inaweza kufika, lakini gari nyingi zinazoshushwa bandarini ili kuzirithi zimekwishatumika zilikotoka, nazo zitalia.

Kwa hiyo nawaomba wenye gari wapatane na fundi bei ya kutafuta kabla spana haijashikwa, na wailipe kamili hata kama ubovu utaonekana ni boliti moja ya eksozi. Na dereva asiachwe barazani wakati gari inapokaguliwa. Aulizwe kwanza mlio ulianza lini, unazidi injini ikiwa baridi au ya moto, ikiwa na abiria au tupu, kwani yeye na utingo wake ndio wanaoisikia injini hiyo kutwa nzima.