Kabati la nguo ni somo la hesabu

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kukokotoa ujazo wa mchemraba bila kutatizika, lakini akitakiwa kumwelekeza seremala atengeneze kabati la nguo, hutanua mikono na kusema, "Kubwa kiasi hiki." Matokeo yake twayajua. Kabati huletwa likakwama mlangoni, au likaingia chumbani na milango yake ikagonga kitanda. Fedha za mzazi zimekwisha kwenda, na majuto ni mjukuu.

Tumezoea kumlaumu seremala. Kwa maoni yangu, mara nyingi chanzo ni mwenye nyumba asiyejua mahitaji yake. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kabati nalo huanza kwa daftari kabla ya msumeno. Yafaa kwanza kuhesabu: nguo ngapi zitatundikwa, ngapi zitakunjwa, viatu ni jozi ngapi, na blanketi zitakaa wapi. Shati likitundikwa lahitaji takriban mita 1 kwenda chini. Kanzu au rinda refu lahitaji hadi sentimita 150. Kina cha sehemu ya kutundikia kiwe kama sentimita 60, la sivyo mabega ya koti yatazuia mlango kufungika.

Kisha ukuta upimwe mahali patatu: chini, katikati na juu, kwa kuwa kuta zetu hazikunyooka kama mistari ya kitabuni. Tuseme vipimo ni sentimita 183, 182 na 180. Kipimo cha kufuatwa ni kile kidogo kabisa. Hapa pana mtego mwingine. Maseremala wetu wengi huzungumza kwa futi, ilhali shule hufunza mita. Aliyeagiza kabati la futi 6 ameagiza karibu sentimita 183, nalo halitaingia penye sentimita 180.

Basi na tuchague upana wa sentimita 178, kabati liwe na sehemu mbili sawa. Mwanafunzi atagawanya kwa mbili apate 89, naye atakuwa amekosea. Mbao tatu za kusimama, mbili za kando na moja ya katikati, zenye unene wa milimita 18 kila moja, zitachukua sentimita 5.4. Kila sehemu itabaki na sentimita 86.3. Rafu ya sentimita 89 haitaingia ng'o!

Kupima si elimu ya kigeni kwetu. Kabla ya rula kufika, wazee wetu wa pwani walipima kwa shubiri, dhiraa na pima. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulinuia kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono, lakini mitihani ikaumeza ujuzi huo. Mtaala wa Umilisi, uliosambazwa kote nchini kuanzia mwaka 2019, umerudisha ahadi hiyo, na wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa vinavyotakiwa shuleni.

Zoezi hili halimgharimu mzazi. Lahitaji utepe wa kupimia, penseli na karatasi. Ndani yake mna desimali, ubadilishaji wa vipimo na uchoraji kwa skeli. Atakayedai kwamba silabasi ni ndefu mno na ajiulize hesabu hizo amekuwa akizifundisha kwa mifano gani.

Walimu, wapeni wanafunzi wapime vyumba vyao, wachore kabati ambalo familia yaweza kulihitaji, kisha watetee kila kipimo mbele ya wenzao. Nanyi wanafunzi, msingoje kuagizwa. Siku mzazi atakapomwita seremala, mwe tayari na mchoro wenye vipimo. Huenda mkaiokoa karo ya muhula mzima isipotelee katika mbao zilizokatwa vibaya.